Jiko la Matofali la Nyama Choma na Moshi: Mpate Fundi wa Kweli, Lipa Hatua kwa Hatua

Ukitembea Chwele siku ya soko utaona kwamba nyama na kuku hapa si mchezo. Huu ni mji ambao hata kichinjio cha kuku kilijengwa. Na Agosti ya mwaka wa shufwa ikifika, kama 2024 au 2026, msimu wa tohara ya Wabukusu unaleta wageni boma kwa boma. Desemba nayo inawarudisha nyumbani walio Nairobi, Kitale, Eldoret na Mombasa. Ndiyo maana watu wengi wanataka jiko la matofali nyuma ya nyumba: upande mmoja pa kuchomea nyama, upande mwingine chumba cha kukaushia kuku au samaki kwa moshi.

Kazi yenyewe si kubwa, siku nne tano fundi amemaliza. Shida huwa pesa. Mwenye jiko mara nyingi yuko mbali, fundi yuko Chwele, na kati yao kuna simu tu. Somo hili linaeleza unavyoweza kumpata fundi anayejua moto, na unavyoweza kumlipa kwa simu bila kubaki unapiga nambari ambayo haipatikani.

Chukua mfano huu

Kijana anafanya kazi Nairobi. Mama yake yuko Chwele, anauza kuku, na sasa anataka kuuza kuku wa kuchoma na wa moshi. Kijana ameweka akiba ya shilingi 50,000. Fundi amempigia hesabu: vifaa 30,000, kazi 20,000. Bei hizi ni za mfano tu, kwako zitategemea ukubwa wa jiko na bei za siku hiyo.

Fundi anasema: "Nitumie pesa ya vifaa yote na nusu ya kazi, kesho naanza." Hesabu hiyo ni 30,000 na 10,000, jumla 40,000. Kabla tofali moja halijawekwa, shilingi nne kwa kila tano za akiba zimeshatoka. Fundi akiwa mwaminifu, sawa. Akiwa na deni kwingine, hizo pesa zitalipa deni na jiko litangoja. Mama naye anabaki na shimo la msingi na msimu unampita.

Tutarudi kwa hesabu hii tuone jinsi ya kuipanga ili siku ya kwanza ihatarishe 2,000 peke yake.

1. Tafuta fundi wa moto, si fundi wa ukuta tu

Fundi mzuri wa nyumba anaweza kukujengea jiko likapasuka wiki ya pili. Sababu ni kwamba ukuta wa nyumba haupashwi moto. Simiti ya kawaida ikipata joto kali kila mara hupoteza nguvu na kuanza kumeguka. Mtu aliyezoea majiko anajua hilo bila kuambiwa.

Upande wetu wa magharibi una bahati. Kwa miaka mingi miradi ya majiko ya kupunguza kuni imefundisha mafundi wa vijijini. Jiko la Maendeleo, ambalo wengine waliliita Upesi, lilienea kuanzia miaka ya 1980, na baadaye yakaja majiko ya roketi ya matofali. Kwa hiyo uliza hivi: "Nani hapa anajenga majiko ya shule au ya hoteli?" Usiulize tu nani ni fundi wa mjengo. Mahali pazuri pa kuuliza ni hoteli za sokoni zenye majiko ya matofali, jikoni za shule, kwa wachoma matofali, na kwenye hadwea. Mwenye hadwea anajua fundi yupi hununua vifaa vya wateja, na yupi huja kurudisha simiti ya mteja apewe pesa.

Ukipata majina mawili au matatu, omba mambo haya:

- Majiko mawili aliyojenga, moja likiwa limetumika angalau mwaka mmoja. Nenda ukaone, au mtume mtu unayemwamini. Picha kwenye simu haitoshi, picha inaweza kuwa ya jiko la mtu mwingine.
- Kitambulisho chake, na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilo hilo.
- Cheti, kama anacho. NITA hupima mafundi kwa madaraja, la tatu hadi la kwanza. NCA, mamlaka ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, nayo husajili mafundi. Kukosa cheti si dhambi, mafundi wengi wazuri walifundishwa na wazee wao. Lakini aliye nacho amejitambulisha mahali.

2. Maswali matano yanayomtofautisha anayejua

Muulize kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza. Majibu yatakuambia.

*"Ndani pale moto unapogusa, utatumia nini kuunganisha matofali?"* Jibu zuri: udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, au simiti maalum ya moto. Simiti ya kawaida ibaki kwa msingi na ukuta wa nje.

*"Tunaweza kutumia mawe ya mto au bloku?"* Jibu zuri: hapana, si karibu na moto. Jiwe lenye maji ndani likipashwa joto ghafla hupasuka, na vipande huruka. Tofali la udongo lililoiva vizuri limeshapita kwenye tanuru, moto linaujua.

*"Wavu wa kuwekea nyama utakuwa wa nini?"* Jibu zuri: chuma tupu cha duara, kilichounganishwa na fundi wa kuchomelea, bila rangi. Akikuambia atatumia waya wa kuku au bati la kung'aa, kataa. Vyuma hivyo vimepakwa zinki, na zinki ikipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu. Pipa kuukuu lililobeba dawa au mafuta ya gari pia hapana.

*"Moshi utaingiaje na kutokaje?"* Jibu zuri: moto unakaa kwenye kisanduku chake upande wa chini, moshi unapita kwenye tundu kuingia chumba cha nyama, kisha unatoka kwa chimni upande wa pili, juu. Chimni iwe na kifuniko cha kufungua na kufunga, na mlango wa moto uwe na nafasi ya kupunguza hewa. Bila hivyo viwili huwezi kutawala joto, na kuku atatoka mweusi nje na mbichi ndani.

*"Utaliweka wapi?"* Jibu zuri: nje, mbali na paa la nyasi, ukuta wa mbao na mtungi wa gesi, mita tatu au zaidi, na mahali ambapo upepo hausukumi moshi ndani ya nyumba. Jiko la aina hii haliwekwi kwenye chumba kilichofungwa. Gesi ya makaa haina harufu na imeua watu usingizini.

Akijibu matatu vizuri na mawili akasema "hapo nitauliza mzee wangu", huyo bado ni fundi. Anayejibu kila kitu "usijali boss" ndiye wa kuogopa.

3. Jua kiasi cha vifaa kabla ya kuambiwa

Huhitaji kuwa fundi ili kukadiria. Tuseme sehemu ya kuchomea ina ukuta wa nyuma wa mita 1.2 na kuta mbili za pembeni za mita 0.8 kila moja. Ukijumlisha ni mita 2.8. Kimo ni mita 1, kwa hiyo ukuta ni mita za mraba 2.8.

Tofali la kiwanda la ukubwa wa kawaida huhitaji kama 60 kwa mita moja ya mraba ukuta ukiwa mwembamba, na kama 120 ukuta ukiwa mnene wa tofali zima. Hapa tunataka mnene: 2.8 mara 120 ni 336.

Chumba cha moshi cha mita 0.6 kwa 0.6 kina mzunguko wa mita 2.4. Kikiwa na kimo cha mita 1.2, ukuta ni karibu mita za mraba 2.9. Kwa ukuta mwembamba hiyo ni kama 175. Jumla 511. Ongeza moja ya kumi kwa yatakayovunjika, unapata karibu 560.

Matofali ya kuchomwa kijijini hayalingani, mengine ni makubwa kuliko ya kiwanda. Kwa hiyo mwambie aliye nyumbani apange matofali chini bila udongo, mita moja kwa mita moja, ahesabu. Ukishajua hesabu yako, fundi akisema anahitaji matofali 1,500 utamuuliza ya kazi gani.

Na usinunue kwa macho. Gonga matofali mawili: yaliyoiva hulia kama kengele, mabichi hutoa sauti nzito. Angusha moja kutoka kimo cha kiuno kwenye udongo, lisivunjike vipande vipande. Loweka moja kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi lisiwe uji. Yale ya pembeni mwa tanuru mara nyingi hayakuiva, ndiyo huuzwa rahisi.

4. Tenga pesa ya vifaa na pesa ya kazi

Hapa ndipo simu yako inakusaidia zaidi. Fundi ni wa kazi. Vifaa vina wenyewe.

- Simiti, mchanga, chuma: mwambie fundi aandike orodha. Piga simu hadwea, hakikisha bei, kisha lipa moja kwa moja kwa nambari ya tili ya duka. Ujumbe utakaopata una jina la duka, kiasi na saa. Mwambie muuzaji mizigo apewe mama, si mtu mwingine.
- Matofali: mlipe mchoma matofali baada ya mzigo kufika na kuhesabiwa. Akitaka kitu kidogo ili asiuzie mwingine, tuma kidogo, kilichobaki mzigo ukishuka.
- Usafiri: lipa mwenye gari au trekta peke yake. Ukichanganya bei ya mzigo na ya kubeba, hutajua nani amekuongeza.

Ukifanya hivi, ile 30,000 haipiti mkononi mwa fundi hata kidogo. Fundi mwaminifu hatakasirika. Kwake ni mzigo umepungua, hakuna wa kumshuku kuhusu mfuko wa simiti.

5. Pesa ya kazi: mafungu matano

Ile 20,000 ya kazi igawe hivi:

1. Siku ya kuanza, fundi akiwa amefika na vifaa vyake vya kazi: 2,000.
2. Msingi umemwagwa na kusawazishwa kwa pima maji: 4,000.
3. Kuta za sehemu ya kuchomea zimefika kimo cha wavu: 5,000.
4. Chumba cha moshi, mlango na chimni vimekamilika: 5,000.
5. Baada ya moto wa majaribio: 4,000.

Sasa linganisha. Kwa njia ya kwanza, 40,000 zilitoka kabla ya kazi. Kwa njia hii, siku ya kwanza fundi ana 2,000, na vifaa viko kwa mama vinaonekana. Fundi akipotea, umepoteza 2,000 na unatafuta mwingine aendelee. Kila hatua, alicholipwa kinakaribiana na alichofanya.

Utalipa ada ya kutuma zaidi ya mara moja, hilo ni kweli. Angalia viwango kwenye menyu au apu kabla ya kupanga mafungu, na usigawe vipande vidogo sana. Mkubaliane pia kuhusu ada ya kutoa: je, 4,000 ni pamoja na ya kutoa, au fundi ataikata mwenyewe? Ni jambo dogo lakini limegombanisha watu wengi.

Na haki iende pande zote mbili. Hatua ikiisha na mama akithibitisha, tuma siku hiyo hiyo. Fundi naye ana watoto na vibarua wa kulipa jioni. Ukimchelewesha siku tatu, ataenda kazi nyingine, na hapo kosa si lake.

Lile fungu la mwisho usiliachilie mapema. Udongo unahitaji kukauka. Subiri wiki moja hadi mbili, zaidi kama ni msimu wa mvua za Machi hadi Mei, kisha washa moto mdogo, kesho yake mkubwa kidogo, siku ya tatu wa kawaida. Moto mkali siku ya kwanza hupasua jiko zuri. Nyufa nyembamba kama unywele ni kawaida. Ufa unaoingiza kidole, au moshi unaorudi mlangoni badala ya kupanda chimni, fundi arudi arekebishe kabla ya 4,000 kutoka.

6. Andika makubaliano, hata kama ni kwa simu

Huhitaji wakili. Ujumbe mmoja kwa SMS au WhatsApp, fundi ajibu "Nimekubali", inatosha kuanza. Unaweza kuandika hivi:

*"Habari fundi. Tumekubaliana ujenge jiko la matofali nyumbani kwa mama, sehemu ya kuchoma na chumba cha moshi, vipimo kama tulivyochora. Vifaa nanunua mimi. Kazi ni 20,000, mafungu matano: 2,000 kuanza, 4,000 msingi, 5,000 kuta, 5,000 chumba cha moshi na chimni, 4,000 baada ya moto wa majaribio. Unaanza Jumatatu, siku sita za kazi. Malipo ni kwa nambari hii hii yenye jina lako. Ada ya kutoa ni juu yangu. Ukikubali nijibu Nimekubali."*

Usifute ujumbe huo, wala ujumbe wa malipo. Simu ikipotea, bado unaweza kuomba taarifa ya miamala yako kutoka kwetu.

7. Kabla ya kubonyeza tuma

- Soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba yako ya siri. Likiwa si jina la kwenye kitambulisho, simama.
- Fundi akisema "tuma kwa ya bibi yangu, yangu ina shida", mwambie utangoja yake itengenezwe, au mama amlipe mkononi na atie sahihi. Pesa iliyokwenda kwa jina lingine ni ngumu kuidai.
- Ukikosea nambari, anza kuomba irudishwe mara moja. Kadiri unavyokawia ndivyo pesa inavyoweza kuwa imeshatolewa.
- Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyokwenda mahali pasipo sahihi. Si njia ya kumaliza ugomvi wa kazi. Kumlipa fundi kisha kuomba pesa irudi wakati kazi ameifanya ni wizi, na fundi anaweza kukushtaki.
- Wewe fundi unayesoma hapa: usianze kazi kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, wala kwa SMS iliyotoka kwa nambari ya mtu binafsi. Angalia salio lako mwenyewe. Likiwa halijabadilika, pesa haijaingia.
- Hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia kuuliza namba yako ya siri. Hata siku moja.

8. Mambo yakiharibika

Anza kwa mazungumzo, na umpe fundi siku maalum ya kurudi, kwa maandishi. Ikishindikana, nenda kwa mzee wa kijiji, halafu kwa chifu msaidizi. Chwele ni mji mdogo na fundi anaishi kwa jina lake, kwa hiyo mengi huishia hapo.

Yakikataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hapo ndipo ule ujumbe wa "Nimekubali" na taarifa ya miamala vinapokuwa na kazi. Kama kuna udanganyifu wa wazi, mtu aliyejifanya fundi akatokomea na pesa, piga ripoti polisi na utuarifu sisi na nambari ya muamala.

Jiko likishakubali

Kwa moshi, tumia kuni kavu za mpera, mwembe au mparachichi. Epuka msaipresi na mkaratusi, utomvu na mafuta yake huacha uchungu kwenye nyama, na usichome mbao zilizopakwa rangi au dawa. Shika joto la chumba karibu nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi. Kuku awe amefika nyuzi 74 ndani kabisa ya paja kabla ya kuliwa. Kipimajoto kidogo cha nyama kitakusaidia kuliko kukisia kwa rangi.

Kama ni biashara, mama atahitaji kibali cha kaunti na cheti cha afya cha anayeshika chakula. Afungue pia nambari ya kupokea malipo ya biashara, tofauti na ya nyumbani. Hapo kila jioni ataona kuku wamelipa kiasi gani, na lini zile 50,000 zitakuwa zimerudi.

Kwa ufupi

- Tafuta aliyejenga majiko, uyaone kwa macho.
- Vifaa lipa dukani, kazi lipa kwa fundi.
- Mafungu matano, la mwisho baada ya moto.
- Makubaliano kwa maandishi, jina lilingane na kitambulisho.
- Hatua ikikamilika, lipa siku hiyo hiyo.

Kama una jamaa aliye mbali anayejenga nyumbani msimu huu, mtumie somo hili kabla hajatuma pesa.